Ndugu Mhariri, udongo nauza mimi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako mimi hulipata likiwa na siku mbili tatu, maana hununua magazeti ya zamani kwa kilo ili nifungie bidhaa. Wiki iliyopita nilikuwa nachana ukurasa nimfungie mteja tangawizi, jicho likagota kwenye picha: meza ya sokoni, mafungu ya udongo yamepangwa, na chini yake maneno ya kuwataka wajawazito waache kula udongo, na sisi tunaowauzia tuone aibu. Meza ile si yangu, ila ingeweza kuwa yangu. Mteja kasimama, mimi nasoma. Mwishowe tangawizi yake niliifunga kwa ukurasa wa michezo, ule wa udongo nikauweka chini ya mzani.

Nauza udongo soko la Tandika, huu mwaka wa 11. Nauza na ndimu, tangawizi, ubuyu na karanga, lakini vijana wa sokoni wananiita Bi Udongo, na jina limeshika kiasi kwamba wajukuu wa watu wananiamkia hivyo hivyo, "Shikamoo Bi Udongo."

Kwa asiyeujua, huu si udongo wa kuchota njiani. Unakuja kwa viroba, umeshakandwa na kufinyangwa vipande vya urefu wa kidole, ukakaushwa, na mwingine umechomwa una harufu ya moshi. Huku Dar tunauita pemba, ingawa Wapemba wanaoniletea viungo wakisikia hivyo wanacheka. Ninaye mteja kutoka Kisumu, kaolewa huku, yeye huniomba odowa. Kipande ni shilingi 100, vipande vitatu 200. Mlaji wa kweli hachagui kwa macho, ananusa. Anautafuta ule unaonuka kama uwanja wa nyumbani mvua ya kwanza ikigusa vumbi. Wanaume nao wananunua, wakijifanya wametumwa. Wasichana wa sekondari wananunua. Walio wengi wana tumbo.

Na mimi nilikula. Mimba zote nne. Wanangu wako hai, wakubwa, wana ndevu. Kwa hiyo mtu akiniambia udongo una madhara nilikuwa namwonyesha wanangu, mazungumzo yanaishia hapo.

Sasa nieleze kilichonifanya niache kuonyesha wanangu.

Kijana wangu wa tatu alioa, akaniletea mkwe nyumbani. Binti mzuri, mpole, anaamka kabla yangu. Alipopata mimba ya pili hamu ya udongo ikamjia kwa nguvu. Akipita mezani kwangu anachukua vipande viwili vitatu, anavifunga kwenye pindo la kanga, anaondoka. Mimi nacheka, nawaambia majirani, "Mjukuu wangu anajenga nyumba humo tumboni, mama yake anamsombea udongo." Watu wote hucheka. Nilikuwa naona ni mapenzi, mama mkwe kumnyima mkwe mjamzito kitu anachokitamani si ungwana.

Kliniki alianza mimba ikiwa na miezi mitano. Hilo kosa nalibeba mimi, nilimwambia mimba changa haitangazwi, asubiri ijae. Akaenda. Akapewa kadi, akapewa chandarua, akameza dawa ya SP ya malaria palepale mbele ya muuguzi, akapewa na vidonge vya damu vya mwezi mzima. Damu yenyewe hawakumpima. Aliambiwa kipimo kimeisha, njoo mwezi ujao. Mwezi uliofuata mashine ipo, haina betri. Mwezi wa tatu alikaa foleni kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana, mtoto wake mkubwa analia njaa, zamu yake ilipofika kapimwa uzito na presha, basi. Kliniki siitaji, maana wauguzi wenyewe ni wawili kwa wanawake sitini, na mmoja wao ni mteja wangu wa ndimu. Ila kadi ninayo hapa ninapoandika. Mstari wa wingi wa damu una kistari, kistari, kistari.

Mimba ikiwa wiki ya 31 alianguka stendi ya Mbagala Rangi Tatu. Alikwenda kununua nguo za mtoto. Watu walidhani ni jua. Konda mmoja na mama muuza maji wakamwingiza kwenye bajaji, Mungu awalipe. Mimi nilipigiwa simu, nikaacha meza wazi, ndimu zikaliwa na nani sijui.

Hospitalini daktari alifanya mambo mawili ambayo hata mimi nisiyesoma ningeweza kuyafanya sebuleni kwangu. Alimvuta kope ya chini akatazama ndani. Akamgeuza viganja. Ndani ya kope palikuwa peupe, na viganja kama vya mtu aliyetoka kukanda unga. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa akipanda ngazi tatu za barazani kwetu anashika ukuta na kuhema. Niliona. Nikasema mimba hii nzito, huenda ni mapacha.

Kipimo cha wingi wa damu kikatoka: 5.8. Sista akaniambia mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi, na akishuka chini ya 7 hiyo ni hatari ya kulazwa. Kujifungua kwa kawaida kunatoka damu, akasema, na mwenye akiba anavumilia. Huyu hana akiba, akimwaga kidogo tu kuliko kawaida tunaweza kumkosa.

Kisha akamgeukia mkwe. "Unakula udongo?"

Mkwe wangu hakumtazama sista. Alinitazama mimi. Akasema, "Hapana."

Mhariri, nimeuza udongo miaka yote hiyo na sikuwahi kuona aibu, si kwa picha ya gazeti wala kwa mahubiri. Siku ile niliona. Nikasema, "Anakula. Anachukua mezani kwangu."

Nilisubiri kufokewa. Sista alivuta kiti akakaa, akauliza kwa siku anakula wa shilingi ngapi. Tukahesabu pamoja, ikafika 600, na usiku kipande kimoja chini ya mto. Akaandika. Halafu akatueleza, na hayo aliyoeleza ndiyo ninayoona yangetoka gazetini badala ya ile picha.

Alisema watu wengi wenye upungufu wa damu hupata hamu ya vitu visivyo chakula. Wengine udongo, wengine mkaa, wengine mchele mbichi, wengine wanatafuna barafu kutwa. Na udongo ukifika tumboni unayashika madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu, usiyaache yaingie mwilini. Damu inashuka, hamu inapanda, unakula tena. Juu ya hapo tumbo linafunga choo, na udongo usiochomwa vizuri unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Mambo ya sumu nayo yapo: kule Geita kwenye machimbo ya dhahabu watafiti walipima udongo wanaokula wajawazito, wakakuta hata arseniki. Nikamuuliza, huu wangu je? Akasema haujui umetoka wapi. Nami, kusema kweli, siujui. Unashushwa na lori alfajiri, nalipa, nabeba.

Kuna mwalimu mstaafu hununua ndimu kwangu kila Ijumaa. Nilipomsimulia alipiga mkono wake kwenye meza. "Safura!" akasema. Nikamwambia bibi yangu wa Kisarawe alikuwa analitumia neno hilo kwa mtoto mwenye tumbo kubwa na macho meupe. Akasema ndilo. Safura ni minyoo wanaonyonya damu tumboni, lakini wazee waliliita hivyo na gonjwa lenyewe, la mtu kupauka, kuvimba, na kutamani kula udongo. Akaniambia hata Livingstone, yule mpelelezi Mskoti aliyefariki 1873, aliandika kwamba Zanzibar maradhi ya kula udongo yanaitwa safura. Nilikaa na jambo hili siku nzima. Wazee wetu hawakuwa na mashine wala betri, lakini kutamani udongo na kukosa damu walivitia katika neno moja. Sisi tumekuja kuvitenganisha, udongo tukaupeleka sokoni, damu tukaipeleka kliniki, na mjamzito anapita katikati bila wa kumuuliza.

Turudi wodini. Walitaka chupa mbili za damu, na wakaomba ndugu waje kuchangia ili benki isikauke. Mwanangu akachangia. Mimi nikajipanga, kifua mbele, nikiamini nalipa deni. Wakanitoboa kidole, tone likadondoshwa kwenye maji ya buluu. Linatakiwa lizame. Langu likaelea. Kijana wa maabara akarudia, likaelea tena. Akanipima kwa mashine: 10.1. Mchangiaji anatakiwa afikie 12.5. "Mama," akaniambia, "wewe mwenyewe unahitaji dawa." Nilikuwa nakula udongo mpaka siku ile, Mhariri, tangu mimba ya kwanza. Kipande baada ya chakula cha mchana, kama wengine wanavyovuta sigara. Sikuwahi kujihesabu.

Mkwe aliongezewa damu, akakaa siku sita, akarudi nyumbani. Nikaingia chumbani kwake kutandika, nikainua godoro, nikakuta kopo la Blue Band. Limejaa vidonge vya damu. Nilivimwaga kitandani nikavihesabu, vilikuwa 74. Sikumgombeza, nilikwisha jifunza kwa sista. Nilimuuliza tu kwa nini. Akasema vinamtia kichefuchefu, na siku alizomeza choo kilitoka cheusi kama lami, akadhani anaoza ndani. Kumwambia muuguzi aliogopa. Kuniambia mimi aliona haya.

Nilirudi kwa sista peke yangu nikiwa na lile kopo. Akacheka kwa huzuni. Choo cheusi, akasema, ni kawaida kabisa kwa anayemeza vidonge hivyo, ni chuma kilichobaki. Mtu akiambiwa mapema hashtuki. Kichefuchefu kinapungua ukimeza usiku baada ya kula, halafu ukalala. Usimeze na chai, usimeze na maziwa, hivyo vinazuia chuma kuingia, ngoja saa moja au mbili. Meza na maji yenye ndimu au kula chungwa. Mimi muuza ndimu sikulijua hilo! Kidonge ni kimoja kila siku, mimba yote, na baada ya kujifungua unaendelea kwa muda utakaoambiwa. Na akanionya kitu nilichotetemeka kukisikia, kwa sababu kopo lile lilikuwa chini ya godoro wanapochezea watoto: mtoto mdogo akivibugia vidonge hivi vinaweza kumuua. Siku hiyohiyo kopo likapanda juu ya kabati.

Akasema pia kwamba damu kupungua si mara zote chuma. Inaweza kuwa malaria, minyoo, kichocho, selimundu, na mengine. Ndiyo maana kupima ni lazima, na ukimeza dawa mwezi mzima damu isipande, unarudi watafute sababu. Hapo nikafikiria majirani zangu wanaokunywa rozela kwa jagi, na wale wa soda kuchanganya na nyanya ya kopo, kwa kuwa ni nyekundu na damu ni nyekundu. Rozela sina ugomvi nayo, ni kinywaji kizuri. Lakini kama wekundu ungekuwa damu, mafundi rangi wa Keko wangekuwa na damu kuliko watu wote mjini.

Mjukuu alizaliwa wiki ya 37. Kilo 2.4. Mkwe anasimulia kwamba mkunga alimweka mtoto kifuani akasubiri kama dakika mbili kabla ya kubana na kukata kitovu, yeye akidhani amesahau. Kumbe ni makusudi, damu ya kondo inaendelea kuingia kwa mtoto, na kwa mtoto wa mama kama huyu kila tone ni mali. Mtoto hukusanya akiba yake ya chuma zaidi miezi mitatu ya mwisho tumboni, na huyu mama yake miezi hiyo hakuwa na cha kumpa. Akaandikiwa dawa ya maji ya kuongeza damu mapema, wakati wenzake hawapewi.

Alinyonya maziwa matupu miezi sita. Hapo nilishika amri mimi, hata tone la maji sikuruhusu. Alipofikisha sita nikatoa unga wangu maarufu. Mimi huwa nasaga uji wa lishe wa nafaka saba na watu wa mtaa mzima wananunua. Nikaupeleka kliniki nikijivuna. Muuguzi wa lishe akausoma ule mchanganyiko niliouandika kwenye boksi, mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, shayiri, uwele. Akaniuliza, "Mama, ukimpikia mumeo ugali, wali, chapati na maandazi kwa pamoja, bila mboga, umempikia chakula gani?" Sikuwa na jibu. Nafaka moja inatosha, akasema, weka na dagaa waliosagwa vizuri au maharage, akikua kidogo kijiko cha maini kikipatikana, tunda baada ya kula. Na chai ya rangi na andazi, ambayo nusu ya watoto wa mtaani kwetu wanaanza nayo siku, usimpe. Wale wateja wangu wa nafaka saba niliwarudia mmoja mmoja. Wawili wamenikasirikia mpaka leo.

Mjukuu sasa ana mwaka na miezi miwili, anatembea, anavuta mkia wa paka. Juni tulimpeleka kwenye matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, ile ya kila Juni na Desemba. Damu yake 10.9. Wanasema 11 ndiyo salama, tunaikaribia. Mkwe yupo 12 na ushei. Mimi 11.6, na kipande changu cha mchana nimekiacha, ingawa nikikaa kwenye kiroba kipya nafunga mdomo na pua.

Yule mwalimu amenionyesha hesabu za taifa. Katika utafiti wa afya wa 2015 na 2016, kila wajawazito 100 waliopimwa Tanzania, 57 walikuwa na upungufu wa damu, na watoto wa chini ya miaka mitano 58 katika kila 100. Sasa wewe niambie, Mhariri. Zaidi ya nusu. Wale wote wanaosimama mezani kwangu wakinusa, si wajinga wala wachafu wa tabia kama gazeti lako lilivyowaandika. Wengi wao ni wagonjwa ambao hawajapimwa, na ugonjwa wao wanauonyesha waziwazi, kwa shilingi 100. Mkiwatia aibu watafanya kama mkwe wangu, watasema "hapana" na kuficha kipande chini ya mto. Mimi nikiondolewa sokoni kesho, watakwenda kukwangua kichuguu.

Nitakalolisema si la kupendeza: bado nauza. Ushuru wa meza unanisubiri, na udongo ndio unaolipa siku ambayo ndimu zimeoza. Lakini nimechukua boksi la sabuni nikaandika kwa kalamu nene, MJAMZITO NIONYESHE KADI. Wanacheka. Mmoja aliniuliza, "Kwani wewe daktari?" Nikamwambia mimi ni Bi Udongo, toa kadi. Natafuta mstari wa wingi wa damu. Ukiwa umeandikwa na ni mzuri, namweleza habari ya mkwe wangu, kisha aamue mwenyewe. Ukiwa chini, au mtupu, simuuzii. Nampa ndimu mbili bure na kumwambia arudi akaombe apimwe, na akiulizwa kama anakula udongo aseme kweli. Wengine huniitikia "Ndiyo mama," wanahama kwenda meza ya jirani, wananunua huku wananitazama. Biashara ya udongo imeshuka karibu nusu.

Basi ukimtuma tena mpiga picha wako, mwambie apite mezani kwangu, nitampa chai. Halafu aende kliniki yoyote ya mjini hapa, aombe ruhusa ya wenyewe, apige picha ile mistari mitupu kwenye kadi. Aulize kipimo kinaishaje na betri inanunuliwa na nani. Aulize kwa nini muuguzi anayekupima presha hakuulizi habari ya udongo. Picha hizo ukizitoa, ukurasa huo sitafungia tangawizi.

Jumatatu alikuja msichana mwembamba, mimba kama ya miezi saba, akanusa vipande vinne kabla ya kuchagua. Kadi alikuwa nayo mfukoni. Mistari mitatu, mitupu yote mitatu. Nikamvuta kope, kama nilivyomwona daktari akifanya, naye akaniachia kama mtoto. Nikamwambia kesho asubuhi aende, aulize. Akaniambia, "Mama, nikiuliza watanifokea." Nikamwahidi kwamba akija hapa saa mbili nitafunga meza nimsindikize mwenyewe. Leo ni Alhamisi, hajatokea. Kipande alichochagua nimemwekea pembeni, juu ya mzani, labda kitamrudisha.

Wako,
Muuza udongo,
Tandika, Dar es Salaam.
(Jina langu nimekuandikia kwenye bahasha, naomba usilitoe.)